Rangi Inapobambuka Kwenye Lipu Mpya

Mpunga umekwisha kuvunwa katika bonde la Kilombero, na kama ilivyo ada ya kila mwaka, fedha za magunia zimeanza kugeuka kuta. Ukipita mitaa ya Lipangalala siku hizi utaona mchanga uliomwagwa mbele ya milango, mifuko ya saruji iliyopangwa barazani chini ya turubai, na mafundi wakipiga lipu nyumba zilizokaa na matofali wazi miaka miwili au mitatu zikingoja msimu mzuri. Baada ya lipu hufuata rangi. Na baada ya rangi, kwa nyumba zisizo chache, hufuata manung'uniko: rangi imetuna malengelenge kama ngozi iliyoungua, inabambuka vipande vipande, watoto wanaichokoa kwa kucha wakiwa kitandani, na ukuta uliopendeza siku ya harusi umekuwa na mabaka kabla mwezi haujapinduka.

Maswali ya namna hii hutufikia kwa njia mbili. Wapo wanaotuuliza kwa kuwa sisi ndio tunaoshika daftari la ujenzi la kamati ya msikiti, nao hudhani kwamba mwenye kushika daftari la saruji anaijua saruji. Na wapo wanaokuja wakiwa wawili, mwenye nyumba na fundi, kila mmoja amekunja uso, wakitaka kamati iwasuluhishe. Hao wa pili ndio waliotufanya tuone kuwa jambo hili linastahili nafasi katika kurasa za familia. Ndani yake mna ujira wa mtu uliozuiliwa, mna akiba ya mama iliyotoweka, na mna majirani wasiosalimiana.

Kauli ya kwanza ya mwenye nyumba huwa kwamba rangi ilikuwa feki. Rangi duni zipo madukani, nasi hatulikatai hilo. Lakini katika nyumba tulizozikagua pamoja na mafundi wenye uzoefu, ile ndoo ilikuwa nzima, na pengine rangi ile ile iliyobambuka chumbani ilikuwa imeshika vizuri kwenye ukuta wa zamani wa sebule. Kama rangi ni moja na brashi ni moja, na ukuta mmoja umekubali na mwingine umekataa, basi swali liulizwe ukuta.

Lipu mpya ni kitu chenye maji kuliko macho yanavyoona. Tufanye hesabu ndogo. Lipu ya unene wa milimita 15 huchanganywa kwa maji yapatayo lita 4 kwa kila mita moja ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina kuta za mita za mraba 42. Toa mlango na madirisha, zibaki 36 hivi. Maana yake fundi ameingiza katika kuta za chumba hicho kimoja maji yanayokaribia lita 144. Robo yake hivi hufungwa na saruji yenyewe inapoganda, wala haitoki tena. Zaidi ya lita 100 zilizobaki, yaani ndoo kubwa tano za kuchotea maji, hazina budi kutoka kama mvuke. Na hapo hatujahesabu maji ya kumwagilia lipu kwa siku 7, ambayo ni ya lazima, kwa kuwa lipu iliyonyimwa maji siku za mwanzo hubaki kama vumbi. Basi mwenye kuja siku ya kumi na rangi nzito inayong'aa anazifungia ndoo tano za maji ndani ya ukuta kisha anashangaa zikitafuta mlango.

Jambo la pili ni ukali wa saruji. Fundi yeyote huijua mikono yake inavyochubuka akishinda na saruji mbichi bila glovu. Saruji inapoganda huzaa ndani yake kitu cha jamii ya chokaa chenye alikali kali mno, na maji yaliyomo ukutani huibeba alikali hiyo hadi juu, mahali rangi ilipo. Akina mama waliojifunza kutengeneza sabuni nyumbani watatuelewa upesi kuliko waume zao: ukichukua mafuta ya nazi au ya mawese ukayakutanisha na kostiki soda, hupati mafuta tena, unapata sabuni. Rangi nyingi za mafuta zina mafuta ya mimea ndani yake. Ukizipaka juu ya lipu mbichi, alikali ya saruji huzifanya vile vile. Tabaka la chini la rangi hugeuka sabuni, huwa laini na kunata, kisha huachana na ukuta. Rangi ya maji huvumilia zaidi, ingawa nayo ina kikomo chake, na baadhi ya vikolezo vya rangi, hasa vya bluu na kijani, hupauka kwa ukali huo huo na kuacha mawimbi ukutani.

Sasa msomaji ataona kwa nini desturi yetu ya kupaka nusu ya chini ya ukuta kwa rangi ya mafuta, ili mikono na miguu ya watoto isiuchafue, huwa ndiyo ya kwanza kutuaibisha katika nyumba mpya. Nusu ya chini ndiyo inayokaa na maji kwa muda mrefu, nayo ndiyo tunayoifunika kwa rangi isiyopitisha mvuke.

Miongoni mwa mashauri yaliyoletwa mbele ya kamati, moja tulieleze bila majina. Mwenye nyumba alipiga lipu vyumba viwili, na siku kumi na mbili baadaye akamwita fundi rangi, kwa kuwa binti alikuwa anaolewa Jumamosi. Rangi alinunua mwenyewe: ya maji kwa juu, ya mafuta kwa chini. Harusi ikapita salama. Wiki ya nne, rangi ya chini ikaanza kutuna, na mwenye nyumba akazuia nusu ya ujira iliyobaki. Fundi akadai kwamba siku ile alisema ukuta bado mbichi. Mwenye nyumba akasema hakusikia neno hilo. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Tulipokwangua kipande kimoja, nyuma yake palikuwa na utelezi wa kunata, na lipu iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeusi kwa maji. Kamati ikaona kwamba fundi alipwe ujira wake kamili, mwenye nyumba anunue rangi nyingine, na fundi atoe bila malipo kazi ya kukwangua na kusugua. Wote wawili walikubali. Aliyekataa ni mzee mmoja wa kamati, aliyesema kuwa fundi anayejua ukuta ni mbichi na bado akachovya brashi yake ni sawa na fundi cherehani anayekata kitambaa akijua hakitoshi. Hadi leo mzee wetu huyo hajabadili rai yake, nasi hatuoni kuwa amekosea kabisa.

Kipande kile kilitufundisha kwamba kabla ya kugombana, na kabla ya kununua ndoo nyingine, mtu akigeuze alichokibandua akitazame nyuma. Nyuma ya kipande pana habari yote. Kikitoka na unyevu au malengelenge yakitumbuka maji, lipu haijakauka au kuna maji yanayoingia kutoka mahali pengine. Kikinata kama sabuni, ni ukali wa saruji. Kikitoka na tabaka la mchanga limegandamana nacho, rangi haina kosa hata kidogo: imeshika vyema, ila lipu yenyewe ndiyo iliyoachia, kwa sababu saruji ilipunjwa, au mchanga ulikuwa na udongo mwingi, au lipu haikumwagiliwa. Kikitoka safi, nyuma yake pakavu na ukuta chini yake unang'aa kama sahani, basi fundi lipu alimalizia kwa niru na mwiko wa chuma hadi rangi ikakosa pa kushika. Na kikitoka na unga mweupe kama manyoya ya pamba, hiyo ni chumvi, nayo ina maelezo marefu kidogo.

Chumvi hii si ya mpishi. Ni madini yaliyomo katika udongo wa tofali, katika saruji, na katika ardhi iliyo chini ya msingi. Maji huyayeyusha, huyabeba hadi uso wa ukuta, kisha maji huruka na kuyaacha. Yanapokauka hufanya vijiwe vidogo vidogo, na vijiwe hivyo vikikulia nyuma ya rangi vina nguvu ya kuisukuma ikatoka. Wengine huiita shura. Sisi wa bonde hili tunayo ya kutosha. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, udongo umechimbwa hapo hapo kiwanjani na tanuru limewashwa kwa kuni au kwa pumba za mpunga. Tofali lililoiva sawasawa hulia kama kengele ukiligonga. Lile la pembezoni mwa tanuru, lililoungua nusu, hunywa maji kama sifongo, na kwa kuwa mwenye nyumba hataki kulitupa, huishia katika ukuta wa chumba cha ndani ambako lipu italificha.

Ardhi nayo ina sehemu yake. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa kulinda ardhioevu duniani, na mkazi wa Lipangalala hahitaji mkataba kumwambia kuwa ardhi yake ni oevu. Wakati wa masika maji ya visima huwa karibu, na Mto Lumemo ukifurika kila mtu anajua. Masika ya 2024, yaliyoleta mafuriko Kilombero na Rufiji, yaliacha ardhi imejaa maji kwa miezi. Nyumba iliyojengwa bila karatasi nzito ya nailoni kati ya msingi na ukuta huyapandisha maji hayo kama utambi upandishavyo mafuta ya taa, hadi kimo cha goti au kiuno. Ukuta wa namna hiyo hautakauka kwa kungoja siku 28 wala siku 280. Mwenye kuona mstari wa unyevu umekaa kimo kilekile mwaka hadi mwaka, chumvi juu yake na rangi imepukutika chini yake, asipoteze fedha kwenye rangi. Aanze na mfereji wa kupitisha maji ya paa mbali na msingi, ashushe udongo uliorundikana nje ukapita kimo cha sakafu, na sehemu hiyo ya chini asiifunike kwa rangi ya mafuta.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kwa namna yao. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, zikasilibwa kwa chokaa na kupakwa chokaa. Vile vile magofu ya Kilwa Kisiwani, ukiwemo msikiti wake mkubwa. Mawe yale yana chumvi ya bahari, ardhi ina maji, na mvua ni nyingi. Hata hivyo kuta zile zilidumu, kwa sababu chokaa hupitisha mvuke: maji huingia, maji hutoka, na kila baada ya misimu kadhaa mwenye nyumba hupaka upya. Watu walipoanza kuzikarabati kwa lipu ya saruji na rangi za kisasa zisizopitisha mvuke, maji yakafungiwa ndani, na lipu ikawa inatuna na kuanguka. Ndiyo maana wahifadhi wa Mji Mkongwe husisitiza chokaa hadi leo. Sisi wa bara hatuna matumbawe, lakini tofali letu la kuchoma linafanana na jiwe lile kwa tabia hii moja, kwamba linapenda maji. Bibi zetu waliosiliba nyumba za miti kwa udongo mweupe hawakuwahi kulalamika kwamba rangi imebambuka.

Tuje kwenye dawa. Kwa aliyekwisha kuharibikiwa, rangi yote iliyolegea ikwanguliwe, siyo ile iliyokwisha kuanguka peke yake. Kikwanguo kipite hadi pale ambapo rangi inakataa kutoka, kisha kingo zisuguliwe kwa msasa zilingane na ukuta. Watoto wasiwepo chumbani wakati huo, na mwenye kukwangua afunge kitambaa puani. Kisha ukuta uachwe wazi, madirisha yafunguliwe mchana kutwa, wala usikaushwe kwa jiko la mkaa kama tulivyoona nyumba moja ikifanya. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu, na joto la ghafla huipasua lipu.

Chumvi ifagiliwe kwa brashi kavu na kutolewa nje. Wengi huiosha kwa maji, na chumvi hufurahi, kwani huyeyuka ikarudi ndani ya ukuta kungoja siku nyingine. Baada ya wiki moja tazama tena. Ikirudi, fagia tena. Ikiwa ni ya lipu mpya na hakuna maji yanayoingia, itapungua kila mara hadi ikome. Ikiwa inarudi kwa wingi ule ule, kuna maji yanayoilisha, nayo yatafutwe kwanza: bati linalovuja, bomba, ukuta wa pamoja na bafu. Katika misikiti yetu, ukuta uliopakana na mahali pa kutawadhia ndio mfano wa wazi; unaweza kupakwa rangi kila mwaka na kila mwaka ukapukutika, mpaka siku mtu atakapoweka vigae na kuziba mifereji ya chini.

Lipu inayotoa vumbi ukipitisha kiganja haifai kupakwa rangi ilivyo. Kama vumbi ni la juu tu, msasa na kufuta kutatosha, kisha praima ya kushikisha. Lakini ukikwaruza kwa msumari na ukachimbika bila taabu, sehemu hiyo ibomolewe na kupigwa upya kwa saruji moja kwa mchanga nne au tano. Mchanga upimwe kwanza: tia katika chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini na udongo laini juu yake. Udongo ukizidi sehemu moja ya kumi ya kina cha mchanga, mchanga huo uoshwe au urudishwe. Mchanga wa mitoni kwetu hutofautiana sana baina ya sehemu na sehemu, hata kutoka mto mmoja. Ukuta wa niru unaong'aa nao usuguliwe kwa msasa hadi mng'ao upotee kabisa, kisha vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kuna jambo la jipsam ambalo hatuna budi kuligusa. Baadhi ya mafundi hulainisha kuta kwa unga wa jipsam, ndani na nje. Ndani, kwenye ukuta mkavu, haina tatizo. Nje, au kwenye ukuta unaopandisha maji, jipsam hulainika kila inapolowa, na ikikutana na saruji mbichi yenye maji huweza kutuna na kuachia. Kwa nje itumike ya saruji nyeupe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Swali linalobaki ni hili: nitajuaje kuwa ukuta umekauka? Kanuni ya mafundi ni siku 28 baada ya lipu, nayo ni kanuni nzuri ya kiangazi. Wakati wa masika ongeza hadi wiki sita au nane. Lakini kuta hazisomi kalenda, kwa hiyo pima. Chukua kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne pasipite hewa, ukiache usiku na mchana. Weka kimoja karibu na sakafu na kingine juu, na usisahau ukuta usiopata jua. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, au ukuta umekoza rangi pale ulipofunikwa, ngoja.

Kwa ukali wa saruji, jiko lina kipimo chake. Koroga manjano ya mchuzi katika maji, chovya karatasi nyeupe au kitambaa, kikauke. Lowesha ukuta kidogo kwa maji safi na ukandamize kitambaa hicho. Manjano yakigeuka mekundu ya damu ya mzee, alikali ingali juu. Hapo usipake rangi ya mafuta kabisa, na hata kwa rangi ya maji tangulia na praima ya kuzuia alikali. Tumewaona watoto wa madrasa wakishindana kupima kuta kwa njia hii, na ni somo la kemia lisilo na gharama.

Ukuta ukishakubali, mkono wa kwanza wa rangi ya maji uwe mwepesi ili uzame: sehemu moja ya maji kwa tatu au nne za rangi, au kama kopo linavyoelekeza. Mkono wa pili na wa tatu usiongezewe maji mengi. Hapa ndipo wizi mdogo hutendeka, wa kuirefusha rangi kwa maji hadi inabaki kama maziwa ya chai. Mwenye nyumba ajue kwamba lita moja ya rangi ya maji hufunika mita za mraba 8 hivi za lipu kwa mkono mmoja. Chumba chetu cha mita 36 kitataka takriban lita 9 kwa mikono miwili. Fundi akimaliza chumba kwa lita 4, muulize. Baada ya wiki mbili, chora msalaba mdogo kwa wembe mahali pasipoonekana, bandika gundi ya karatasi juu yake na uivute kwa nguvu. Rangi ikibaki ukutani, kazi imeshika.

Makubaliano na fundi nayo yaandikwe, hata kama ni ukurasa wa daftari la shule: tarehe lipu ilipokamilika, tarehe ya mapema kabisa ya kuanza rangi, nani ananunua nini, na ujira utalipwa kwa mafungu gani. Tunashauri fungu la kwanza liwe la kuandaa ukuta peke yake, kwa sababu fundi anayelipwa kwa rangi iliyopakwa tu hana sababu ya kukaa na msasa siku mbili. Na pawepo mstari mmoja kwamba fundi akiona ukuta ni mbichi atasema, na mwenye nyumba akilazimisha ataweka sahihi. Mstari huo ungetuokolea kikao kizima. Vyumba viwili vipya vya madrasa yetu vimekaa na rangi ya saruji kwa wiki ya tano sasa, na waliochangia wanatuuliza kila Ijumaa kama fedha zimekwisha. Fedha zipo. Tarehe imeandikwa mlangoni.

Tunajua kwamba wengine hawawezi kungoja. Harusi ina siku yake, na mgeni hapokewi kwenye ukuta wa kijivu. Kwa hao, chokaa bado ipo na bei yake ni ndogo. Chokaa yenyewe ni alikali, haiogopi saruji mbichi, na inapitisha mvuke. Loweka chokaa katika maji siku moja kabla, ichuje, ipake nyembamba mara mbili au tatu juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, na chumba kitakuwa cheupe kwa Jumamosi hiyo. Macho na mikono vilindwe, kwani inaunguza. Kisha, wiki ya sita au ya nane, kabla ya rangi ya maji, chokaa yote inayotoka kwa mkono ifagiliwe na kusuguliwa hadi lipu, kwa sababu rangi iliyopakwa juu ya unga wa chokaa itashika unga huo, na unga hautaushika ukuta.